Mnara Uliopimwa kwa Maji

Atakaye mnara, aulize maji. Mmeusikia msemo huu sokoni leo, wajukuu zangu, mkataka kujua ulikotoka. Ulizaliwa hivi, nami nilikuwepo.

Jumatatu, saa moja asubuhi, alama ya X nyekundu ilionekana kwenye mnara wa msikiti wa Mkondoni, mji wetu wa mifereji. Mhandisi Lwiza wa halmashauri alikuwa ameupiga picha kutoka kichochoroni. Katika picha hiyo mnara ulikuwa umeinama, naye akaandika ubomolewe Ijumaa, kabla haujawaangukia watu.

Watu walikwenda ofisini kwake kulia. Wazee wakataja miaka mia tatu ya adhana. Mhandisi aliwasikiliza, kisha akasema umri hauzuii ukuta kuanguka. Katika hilo alikuwa sahihi.

Mwanamize Shekue, mpiga picha za pasipoti na harusi, hakulia. Aliichunguza ile picha. Kichochoro kile kina upana wa hatua tatu; anayesimama humo hana budi kuielekeza kamera juu, na kamera ikielekezwa hivyo hata ukuta ulionyooka huonekana umelala. Lakini maneno hayo peke yake hayakuwa ushahidi. Alihitaji kipimo.

Msikiti uko penye kona ya mifereji miwili. Maji ya bahari huingia humo na kutoka, na yakishajaa husimama kabisa kwa dakika chache. Alhamisi yalisimama saa nne na dakika kumi. Mwanamize alipiga picha kutoka ng'ambo ya mfereji wa kwanza, akakimbia hadi ng'ambo ya ule wa pili, akapiga nyingine kabla maji hayajaanza kupwa.

Saa sita alikuwa mbele ya kikao cha halmashauri, nasi wenyeji tumejaa nyuma yake.

"Dada, umetuletea picha za harusi?" Mhandisi akatania. Wajumbe wakacheka.

"Na bwana harusi ndiye huyu. Mpime." Mwanamize akaweka picha mbili na rula mezani. "Maji yakitulia, kilichosimama wima na taswira yake majini huwa mstari mmoja. Kikiinama, mstari huvunjika kama kiwiko."

"Huenda umeinama kukuelekea wewe. Hapo picha haitaonyesha."

"Ndiyo maana nimepiga mbili, Mhandisi. Kila moja na upande wake."

Mhandisi hakutania tena. Alilaza rula juu ya picha ya kwanza: kilele, kitako, kilele cha majini. Akailaza juu ya ile ya pili. Akavaa miwani, akarudia zote.

"Mstari mmoja," akasema. "Mnara umenyooka. Aliyekosea ni mimi."

Akaikata amri yake kwa kalamu, akatia saini mbele yetu. Vigelegele vilipasua ukumbi. Wanawake wakamnyanyua Mwanamize pamoja na kamera yake. Mwadhini wetu, Mzee Fumo, akasubiri kelele zipungue, akamwendea Mhandisi, akamshika mkono.

"Siku nyingine, mwanangu," akamwambia, "atakaye mnara, aulize maji."