Nafasi ya Jina Moja

Aliye na sikio alilete, asiye nalo aazime kwa jirani, maana hii nikiimaliza nitawadai jibu.

Pale Manundu, Korogwe, nyuma ya kituo cha treni, palikuwa na banda la mabati na mafundi watatu ndani yake. Hoza alikuwa fundi baiskeli, na kipaji chake kilikuwa sikio: ukipita barabarani anakuambia gololi ya gurudumu gani imekufa kabla hujashuka. Mbelwa alikuwa fundi redio, na kipaji chake kilikuwa jicho. Waya mwembamba kama unywele wa mtoto, yeye anauona ulipokatikia. Bi Mwanahawa alipaka vanishi vitanda na makabati, na kipaji chake kilikuwa kiganja. Akipitisha mkono juu ya mbao anajua panapokwaruza, hata kama macho yako kwingine na mdomo unakusengenya wewe.

Jumatatu moja asubuhi akaingia Mntangi, mpiga gitaa la solo wa bendi ya mtaani, amelibeba gitaa lake la umeme kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Jumamosi limeniaibisha ukumbini," akasema. "Nyuzi zinalegea katikati ya wimbo. Sauti inakuja, inakatika. Na mkono ukitaka kukimbia shingoni unanata. Kiongozi wa bendi kaniambia Alhamisi tunakwenda Tanga kurekodi, na gitaa likiwa hivi mimi nitabeba maspika."

"Kubeba utaweza," Hoza akamwambia. "Mabega unayo."

Mntangi hakucheka. Akasema, "Wimbo tutakaorekodi ni wangu, na pana mahali pa kumtaja mtu. Atakayelirudisha gitaa hili, jina lake nitaliimba."

Mnajua wenyewe, ukitajwa kwenye wimbo wa dansi umetajwa. Redio inalipeleka jina lako usikofika kwa miguu. Wote watatu wakasema hawataki malipo, wanataka jina.

Jumatatu ile alianza Hoza. Akavuta uzi mmoja, akausikiliza, akavuta wa pili. "Uzi hauna kosa," akasema. "Sikio ndilo linacheza." Masikio ya gitaa ni vile vichuma vya kichwani vya kukazia nyuzi. Skrubu zake zilikuwa zimekula mbao, matundu yakapanuka. Mntangi akataka zitiwe skrubu kubwa zaidi. Hoza akakataa: "Tundu likipanuka lirudishie mbao yake." Akachonga njiti za kiberiti, akazipaka gundi, akazigonga ndani ya matundu, akaacha zikauke mchana kutwa. Jioni akazikata, akarudisha skrubu zile zile. Nyuzi zikakaa. Lakini gitaa lilipochomekwa kwenye spika, likatoa neno moja likakatika.

Jumanne ikawa zamu ya Mbelwa. Akafungua tundu la kuchomekea waya, akainamia mle ndani. "Nati imelegea," akasema. "Kila ukichomeka, tundu lote linazunguka na kuusokota waya. Tazama, umebaki uzi mmoja tu wa shaba." Mntangi akatazama, hakuona kitu. Mbelwa akaukata waya, akaumenya, akautia lehemu, akaweka washa, kile kipete cha bati, chini ya nati na kuikaza. Sauti ikatoka imenyooka, watu wa kituoni wakageuka. Lakini Mntangi alipotaka kukimbiza vidole, kiganja kikaganda shingoni kama nzi kwenye asali.

Jumatano Bi Mwanahawa akalipakata gitaa mapajani. Akapitisha mkono shingoni mara moja, akanusa kiganja.

"Mntangi."

"Naam, mama."

"Hii vanishi ni yangu. Uliniomba ya kupaka kigoda."

Mntangi akainama. Alitaka shingo ing'ae kwenye taa, akaipaka matabaka matatu.

Hoza akadakia, "Kumbe ugonjwa umetoka kwenye kopo lako, na dawa unadai wewe."

"Nilitoa ya kigoda," Bi Mwanahawa akajibu. "Mimi sikumtuma aligeuze gitaa kigoda."

Akachukua msasa uliokwisha makali, akasugua kwa kufuata nyuzi za mbao, polepole, kutwa nzima. Kwenye vipande vya bati vinavyotenganisha sauti alipita kwa ncha ya kidole asivikwaruze. Mwisho akafuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta. Mntangi alipolishika, mkono ukateleza kutoka juu hadi chini bila kizuizi, akapiga wimbo wote.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Hoza akasema, "Bila mimi mngerekodi kelele. Na kwetu Handeni wananidhania nimekufa tangu nilipokwenda kukata mkonge. Redio wanayo. Wakisikia jina watajua nipo."

Mbelwa akasema, "Gitaa la umeme bila sauti ni ubao. Miaka ishirini ninafufua redio za mji huu, zinataja kila mtu isipokuwa mimi."

Bi Mwanahawa akasema, "Mlimaliza ninyi, akapiga? Hakupiga. Alipiga nilipomaliza mimi. Ninyi mna wajukuu watakaorithi majina yenu. Mimi sikuzaa. Langu litabebwa na nani?"

Mntangi akajaribu kuyaimba yote matatu. Wimbo ukachechemea, hata aliyekuwa akipita nje akakosea hatua. Akasema, "Basi niimbe tu mafundi wangu." Wakakataa kwa pamoja. "Fundi ni nani?" akauliza Mbelwa. "Hata aliyekuharibia ni fundi." Kutaja huyu leo na yule kesho ukumbini hakukufaa, kwa sababu redioni utapigwa ule uliorekodiwa, basi.

Mimi nilipoisikia mara ya kwanza tulikuwa tunapukuchua mahindi. Wifi yangu akasema ni Hoza, maana maiti anayefufuliwa hangoji foleni. Mama mkwe akasema, "Nyamaza, wewe una watoto sita, uchungu wa Bi Mwanahawa utaujuaje?" Marehemu mume wangu alikuwa upande wa Mbelwa, na alipoulizwa sababu akasema kila mtu amemsahau, hata sisi tumemtaja mwisho. Hatukupatana hadi mahindi yakaisha.

Basi Alhamisi wakapanda lori la vyombo, bendi na mafundi wote watatu, hadi Tanga. Wakaingia chumba cha kurekodi. Mafundi wakasimama nyuma ya kioo, mabega yamegusana. Fundi mitambo akainua mkono. Ngoma ikaanza, besi ikafuata, gitaa likalia safi: nyuzi hazikulegea, sauti haikukatika, mkono haukunata. Mntangi akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akafika pale mahali pa jina. Akavuta pumzi. Nyuma ya kioo watu watatu wanamtazama mdomo.

Jina moja tu ndilo linaloingia. Ungekuwa wewe ndiye Mntangi, ungemtaja nani? Na wale wawili, Ijumaa asubuhi ukipita mbele ya banda lao, ungewasalimuje?