Msiba wa Pimbi Aliye Hai

Jamani, mpo?
— Tupo, wala hatuondoki!
Vibaba mnavyo?
— Tunavyo, vitupu!
Nikimimina mtakinga?
— Mimina, usimwage!

Haya, kaeni vizuri, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako. Kulikuwa na mwaka mmoja mvua iligoma. Vuli haikunyesha, masika haikunyesha. Nyasi zikakauka, mizizi ikakauka, hata matope nayo yakakauka. Mfalme Simba akaona raia wake wanakwisha, akatoa amri: kila kaya yenye watoto wadogo ipewe mfuko mmoja wa mtama na kauri kumi za kununulia chumvi, kila mwezi unapoandama. Bure kabisa, bila kumlamba mtu miguu. Ghala likajengwa kwenye kona ya mto, na mwenyekiti wa kamati ya ghala akachaguliwa Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu alikuwa mnene, wakadhani mtu mnene namna ile hana haja ya kuiba. Msicheke, hata nyinyi mmewahi kuchagua hivyo.

Juu ya mto, kwenye majabali, alikaa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, kimo chake cha sungura, mkia hana, nyumba yake ufa wa jiwe. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na wa mwisho aliitwa Kidawa. Miezi miwili mfululizo Bi Pimbi alikwenda ghalani, na miezi miwili mfululizo akaambiwa na Kiboko mlangoni, "Jina lako halijarudi, njoo mwezi ujao." Mwezi wa tatu Kidawa akaacha kulia njaa. Zamani alikuwa analia kutwa, "Mama, njaa! Mama, njaa!" Sasa alilala tu, macho wazi, hasemi kitu. Bi Pimbi aliuogopa ule ukimya kuliko kilio chochote. Akatoka alfajiri, akaenda kushika foleni.

Jua likapanda, foleni ikasogea. Jua likawaka, foleni ikasogea. Jua likapinda, ndipo Bi Pimbi akafika mbele, kwa Karani Korongo. Huyu Korongo hakuwa mwizi, semeni mnavyotaka. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: aliliamini daftari kuliko macho yake mwenyewe. Akafungua kurasa kwa mdomo wake mrefu, kwa-kwa-kwa-kwa, kisha akasimama.

"Pimbi wa Majabalini. Umekufa."

"Nani?"

"Wewe. Pole sana."

"Nimekufa lini, karani?"

"Mwezi wa juzi. Jumanne."

"Nimekufa na nini?"

"Haikuandikwa."

"Lakini mimi si huyu hapa? Nimesimama mbele yako!"

Korongo akamtazama kwa jicho la kulia, akamtazama kwa jicho la kushoto. "Nakuona, mama. Daftari ndilo halikuoni."

Bi Pimbi akachungulia ule ukurasa. Mbele ya jina lake, mahali pa kutia alama ya kidole, palikuwa na unyayo mmoja mkubwa kama ungo, wenye vidole vinne vilivyonona. Pembeni pameandikwa: *Marehemu. Anayepokea kwa niaba ni ndugu yake, Kiboko.*

Kabla hajasema neno, ardhi ikatikisika. Ti! Ti! Ti! Mwenyekiti huyo.

"Mfwooo! Nani anachelewesha foleni yangu?"

"Ni mimi, mheshimiwa," akasema Bi Pimbi. "Daftari linasema nimekufa, nami ni mzima. Watoto wangu wana miezi miwili hawajapata kitu."

"Lete barua ya balozi wako kuthibitisha kwamba uko hai."

"Balozi wetu ni nani, mheshimiwa?"

"Mimi."

"Basi niandikie."

"Siandikii maiti!" Kiboko akainama mpaka pua yake ikawa kichwani mwa Bi Pimbi. Akashusha sauti ili Korongo asisikie. "Sikiliza, kidudu. Kesho jua likizama daftari linafungwa, linakwenda kwa Mfalme. Aliyekufa humo amekufa mpaka mwaka mwingine. Na ukirudi hapa kudai uhai, nitakukanyaga. Nani ataniuliza? Nitakuwa nimelisahihisha daftari tu."

Bi Pimbi akaondoka mikono mitupu. Alilia njia nzima, wala sioni aibu kusema, maana hata mimi ningelia. Mwaka mwingine! Kidawa asingefika mwezi mwingine, seuze mwaka. Alipokaribia majabali akakutana na jirani yake, Bi Kanga, na kundi lake la kanga arobaini. Bi Kanga kumwona tu, akaruka nyuma.

"Kwekwekwe! Shoga! Si tulisikia umefariki?"

Bi Pimbi akafuta machozi. Akakasirika kidogo. "Mlisikia nimefariki, na hamkuja kunizika?"

Bi Kanga akaona haya, akachimbachimba mchanga kwa ukucha. "Usinilaumu, shoga. Tungekuja wote. Hatukujua msiba uliwekwa wapi."

Bi Pimbi akalirudia neno hilo moyoni. Msiba uliwekwa wapi? Kwani kwao, jamani, kama kwetu, mtu akifa msiba unawekwa kwa ndugu yake. Majirani wanakuja, wanatandika mikeka, wanalia, na mfiwa anawapikia. Hata awe bahili wa namna gani, hafukuzi waombolezaji uani kwake. Na ndugu wa marehemu alikuwa ameshaandikwa, tena kwa unyayo mkubwa kama ungo.

"Msiba uko kwa Kiboko," akasema Bi Pimbi. "Kesho asubuhi. Waambie wote waliokosa mtama. Njooni na mikeka, na mlie kwa sauti."

Asubuhi Kiboko alikuwa amekaa uani kwake, nyuma ya ghala, tumbo juani. Akasikia kwa mbali kelele. Kelele zikakaribia. Wakaingia kanga arobaini, na nyuma yao Nungunungu na wanawe, Ngiri na wanawe, swala, digidigi na kobe. Mikeka ikatandikwa, pu! pu! pu! Bi Kanga akaanza na wenzake wakaitikia:

*Amekufa Pimbi, we!*
*— Kwekwekwe, amekufa!*
*Ndugu yake nani, we?*
*— Kwekwekwe, ni Kiboko!*
*Chungu chake kiko wapi, we?*
*— Kwekwekwe, hatukioni!*

Na Bi Pimbi mwenyewe? Alikuwa pale pale, katikati ya mkeka wa akina kanga, kafunikwa ungo, na watoto wake watatu kawakumbatia. Aliona kwa tundu la ungo. Alimwona Kiboko anainuka.

"Mfwooo! Nini hiki?"

"Pole na msiba, mwenyekiti," akasema Bi Kanga, machozi yakimtoka. "Hukutuambia kuwa Pimbi ni nduguyo. Umebeba uchungu peke yako miezi yote hii!"

Kiboko akafungua mdomo aseme hana ndugu pimbi. Lakini mlangoni alisimama Karani Korongo, daftari kwapani, naye amekuja kuhani. Kiboko akaufunga mdomo. Angemkana ndugu, angeulizwa mtama. Akasema polepole, "Ahsanteni. Ni kazi ya Mungu."

"Na chungu kiko wapi?" akauliza Nungunungu.

Kiboko akaingia ndani, akatoka na mfuko mmoja wa mtama. Vyungu vikabandikwa, uji ukachemka, bwata-bwata-bwata. Bi Kanga akapitisha kata moja chini ya ungo. Bi Pimbi akamnywesha Kidawa tone kwa tone. Kidawa hakulia, hakusema kitu, lakini akameza.

Kiboko alidhani watakula waondoke. Wakala, hawakuondoka. Wakaja nyumbu kutoka bondeni, wamesikia kuna msiba. Akatoa mfuko wa pili. Wakaja ngedere kutoka msituni, wamesikia kuna msiba. Akatoa mfuko wa tatu. Kila mfuko ulipotoka walioukosa waliutambua, maana kila mmoja ulikuwa na alama ya kaya yake. Wakatazamana, wakalia kwa nguvu zaidi.

Jua likapinda. Bi Pimbi alilitazama kwa tundu la ungo, nalo halikumhurumia hata kidogo, likateremka, likateremka. Daftari bado lilikuwa kwapani mwa Korongo, na humo yeye bado maiti. Kiboko naye alikuwa bado anavumilia. Akaanza kuzunguka uani kwa hasira, ti, ti, ti, kati ya mikeka, akihesabu vichwa. Akapita karibu na ungo. Akarudi. Ti. Ti.

Hapo uji ukampalia Kidawa. Akakohoa. Kho!

Kiboko akasimama. "Ni nini hicho chini ya ungo?"

Bi Pimbi akamziba mtoto mdomo kwa kifua chake mwenyewe. Aliuona unyayo ule, vidole vinne, umesimama shubiri moja kutoka puani mwake. Angetoka sasa, bado ni maiti, angekanyagwa na hakuna kesi. Angebaki, angekanyagwa vilevile. Akafumba macho.

"Ni vyombo, mwenyekiti," akasema Bi Kanga harakaharaka. "Vya kupikia arobaini."

"Arobaini ipi?"

"Arobaini ya marehemu. Kwani utamlilia nduguyo siku moja tu? Sisi tunalala hapa hapa, hatukuachi peke yako. Siku arobaini, na ya mwisho ndiyo karamu yenyewe. Tembo wametuma salamu kwamba wanakuja."

"Tembo?"

"Wote."

*Ndugu yake nani, we?*
*— Kwekwekwe, ni Kiboko!*

Kiboko akatazama mlango wa nyumba yake, mle alimoficha mifuko. Akatazama vyungu. Akawawaza tembo. Jasho likamtoka, na akasahau daftari, akasahau karani, akasahau kila kitu isipokuwa tumbo lake.

"Basi! Basi! Nyamazeni!" akanguruma. "Hakuna msiba! Pimbi hajafa! Yuko hai, jana tu alikuja hapa kunisumbua, nimemwona kwa macho yangu! Tokeni kwangu!"

Korongo akanyoosha shingo. "Mwenyekiti, hayo ni maneno rasmi? Niandike?"

"Andika! Andika hajafa, na mimi si ndugu yake, wala sijui ukoo wake! Andika watoke!"

Korongo akafungua daftari, kwa-kwa-kwa-kwa. Akaandika polepole, kama ilivyo desturi yake, na jua limebaki ukucha. *Pimbi wa Majabalini. Hai.* Akapuliza wino ukauke.

Ungo ukainuka.

"Abee, karani," akasema Bi Pimbi. "Mimi hapa. Na wanangu watatu."

Kiboko akageuka. Akamwona. Ndipo akaelewa alichofanya, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Hakusema mfwooo. Aliinua tu mguu wake wa mbele, juu kabisa, juu ya kichwa cha Bi Pimbi. Bi Pimbi hakukimbia, maana Kidawa alikuwa nyuma yake.

"Mwenyekiti, subiri hivyo hivyo," akasema Korongo. "Usishushe."

Akaleta daftari, akalinyanyua karibu na ule unyayo. Akatazama ukurasa, akatazama mguu. Vidole vinne, vilivyonona. Akafunua ukurasa mwingine: Nungunungu, marehemu. Akatazama mguu. Akafunua mwingine: Ngiri, marehemu. Akatazama mguu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake daftari na macho yake kusema kitu kimoja.

"Mwenyekiti," akasema, "una ndugu wengi sana waliokufa, na wote wako hapa wanakula uji."

Wote wakainuka mikekani. Nungunungu akasimamisha miiba, chaka! Kiboko akaushusha mguu, si kichwani mwa mtu bali nyuma, hatua moja. Akarudi nyuma tena. Akarudi nyuma tena, mpaka ukingoni, na chubwiii! akatumbukia mtoni. Tangu siku ile kutwa anakaa majini, kaacha nje macho na masikio tu, anasikiliza kama wameondoka. Hawajaondoka.

Bi Pimbi akatia alama ya kidole chake, ndogo kama punje ya njugu, pembeni mwa ule unyayo. Akapewa mfuko wake na kauri zake kumi. Alipouinua mgongoni akasikia mtu anamvuta.

"Mama," akasema Kidawa. "Njaa."

Bi Pimbi akaketi chini na mfuko wake, akalia kwa sauti kuliko kanga wote arobaini. Wenzake wakashangaa, mbona sasa ndiyo analia? Hawakujua miezi yote ile alikuwa anangoja neno hilo moja.

Haya, funzo lake ni nini? Funzo ni kwamba muwaheshimu wakubwa, wanangu. Ofisi ikikuambia umekufa, usibishe. Kufa tu, tena kwa adabu, na uwaalike majirani.

Vibaba vimejaa?
— Vimejaa, havikumwagika!
Aliyebakiza?
— Ampelekee Kiboko!
Mtamfikishia wapi?
— Majini, akitoa kichwa!