Chapuchapu na Ngumi ya Limi

Hapo zamani, wakati jumbe alipokuwa akitunga sheria kabla hajanawa uso, mfinyanzi mmoja mjane, jina lake Limi, aliokota mtoto wa mbwa aliyefiwa na mama. Akamwita Chapuchapu, maana alipora kwanza, akanusa baadaye. Siku alipopora ini kwenye sahani ya jumbe, sheria ikazaliwa: sikukuu ya mavuno atawekewa nyama barazani. Akiila kabla ya ruhusa, atatupwa porini.

Limi akaanza kumfunza kungoja. Akafumbata nyama kiganjani. Chapuchapu akalamba, akaguguna, akalia, ngumi haikufunguka. Alipokaa chini, ngumi ikafunguka. Akaelewa. Lakini mfinyanzi hukanda udongo kwa ngumi kutwa, na kutwa Chapuchapu akakaa mbele ya udongo akingoja nyama isiyokuja, mkia chini.

Jirani yake Shija, mrina asali, akapita akacheka. "Dada Limi, unamfundisha kungoja au kukaa matanga?"

Akavuta kipande cha ngozi, Chapuchapu akang'ang'ania. "Acha," Shija akasema, akasimama kama gogo. Meno yalipolegea tu, mchezo ukaanza upya. Acha, cheza, acha, cheza. Mkia ukapanda.

Sikukuu ikafika. Nyama ikawekwa, jumbe akaanza kusoma sheria, kifungu baada ya kifungu, na vifungu vidogo vyake. Wazee wakasinzia. Limi akakunja ngumi kifuani. Chapuchapu akaiona, akakaa, mate yakimdondoka.

Mara mwewe akashuka. Chapuchapu akaruka, akainyakua nyama kabla ya kucha kufika. "Acha," Shija akasema. Chapuchapu akaitema miguuni pa jumbe, mkia ukipepea, akingoja mchezo.

Jumbe akapekua sheria yake, mwewe hakutajwa. Akasamehe. Ila akakumbuka kifungu kingine: mbwa awe na mwenyewe mmoja tu. Na Shija, aliyekwisha kumzoea mbwa huyo, naye akamtaka.

"Bila ngumi yangu," Limi akasema taratibu, "angeila nyama kabla ya ruhusa. Na nyumbani kwangu hakuna mwingine wa kunipokea."

"Bila mchezo wangu angeimeza," Shija akasema. "Na kwako, dada, alikuwa amesahau furaha."

Limi akatazama chini, hilo alilijua.

Jumbe akakohoa, akadai kwamba subira yote mbwa kaipata kwenye hotuba zake.

Chapuchapu ameketi kati yao, anatazama uso huu, anatazama ule, anangoja neno. Haya, mnaosikiliza, msimchoshe. Aambiwe aende kwa nani? Je, nani alimstahili?