Kengele Iliyomlilia Askofu Aliye Hai

Hapo zamani, na mnisikilize vizuri maana mwishoni nitawauliza, palikuwa na nchi ndogo milimani iitwayo Msalabani. Haikuwa na mfalme wala rais. Askofu ndiye aliyetawala, na sheria zote zilisomwa katika Kanisa Kuu baada ya Injili. Sheria moja ilisema: Askofu akifa, kengele kubwa ipigwe na wafungwa wote waachiliwe. Nyingine ilisema: atakayeipiga kengele hiyo Askofu akiwa hai, afukuzwe nchini na asirudi.

Gerezani alikuwamo fundi mwashi, Batromeo. Kosa lake ni kusema kwamba nguzo ya Kanisa Kuu imepasuka na siku moja itaangusha paa. Wakasema anakufuru, wakamfunga.

Asubuhi moja Askofu Simforiani alianguka akivaa viatu. Sista Ludovika, aliyemuuguza, alimgusa akamkuta wa baridi. Akatoka mbio, akakutana na Kaspari, mpiga kengele, akamwambia Baba amezimia. Kaspari akasikia amezimika, kama taa, akajua amekufa. Akapanda mnarani, akapiga.

Mkuu wa gereza, Nikasi, akaisikia. Sheria ilimtaka kwanza aletewe pete ya marehemu. Hakuingoja. Akafungua milango.

Watu wakamiminika Kanisa Kuu kulia. Wafungwa wakakimbilia kwao, ila Batromeo alikwenda kanisani. Alipoitazama nguzo, aliona ufa umefika juu. Akawaambia watu watoke. Wakakataa, wakasema msibani haondoki mtu. Akawasukuma, akawavuta, mwisho akawadanganya kwamba Askofu yu hai, yuko uwanjani. Hapo wakatoka mbio. Wa mwisho alipovuka kizingiti, paa likaanguka.

Na uwanjani kweli alikuwako Askofu, amebebwa kwenye kiti, anauliza nani amekufa.

Watu hawakujua walie au wacheke. Askofu naye hakujua. Sheria ilimtaka afukuze mtu, na desturi ilimtaka aliyeokoa waumini achongewe jina lake juu ya mlango wa Kanisa Kuu. Akawaita wote wanne.

Sista alisema yeye alitamka kweli, masikio ya mwenzake hayamhusu. Kisha akasita, akasema hana hakika tena alitamka nini, maana alikuwa analia. Nikasi alisema alitii kengele. Alipobanwa kuhusu pete, alikiri kwamba alijua Batromeo hana hatia, alikuwa akisubiri sababu tu.

Kaspari alipiga magoti. "Baba Askofu, Batromeo ni shemeji yangu. Tangu afungwe, kila asubuhi naitazama ile kamba ya kengele. Sijui kama nilisikia vibaya, au nilisikia nilichotaka."

"Kwa hiyo ulinitakia kifo?"

"Hata hilo sijui, Baba. Ila nisingepiga, yeye angekuwa ndani, na Jumapili paa lingetuua sote."

Mama mmoja akamjibu kwamba leo wameingia humo kwa sababu ya kengele yake hiyohiyo.

Batromeo alisema jina halitaki. Akaomba shemeji yake aachwe, na kama lazima aondoke mtu, aondoke yeye, kwani alisema uongo mbele ya altare.

Askofu akashika rozari, asianze kusali wala kuhukumu.

Nami sijui aliamua nini. Ninyi mliokaa hapa niambieni. Je, kati ya hao wanne, nani alistahili kufukuzwa, na jina la nani lilistahili mlango? Au ni mtu yuleyule?