Majoho Sita Yasiyopimwa

Ndugu zangu, kulikuwa na fundi mmoja wa kushona, mwanamke, katika nchi ambayo sitaitaja, nanyi msiniulize. Kazi yake ilikuwa kushona majoho ya majaji wa mahakama ya juu kabisa. Majaji hao walikuwa saba, naye aliwajua wote kwa futi yake ya kupimia: huyu bega la kushoto limeshuka, yule hataki mifuko.

Mume wake alikuwa na miezi kumi na mmoja kifungoni, bila shtaka, kwa kuwa aliihoji amri ya mtawala mbele za watu. Kesi yake ilikuwa mikononi mwa hao saba: je, mtu aweza kufungwa bila kushtakiwa? Mji mzima ulijua kwamba wanne wangesema hapana. Mtawala naye alijua. Akatangaza kwamba wazee wale wameelemewa na kazi, waongezewe wenzao sita. Bunge likapitisha kabla ya chakula cha mchana.

Siku hiyo hiyo mjumbe akabisha hodi kwa fundi.

"Mama, tunataka majoho sita. Alhamisi yawe tayari."

"Vipimo viko wapi, baba?"

"Yakate yote sawa. Watakaoteuliwa yatawatosha."

Hakuwahi kumshonea jaji asiyempima. Akajumlisha kimoyomoyo: sita na wale watatu walio upande wa mtawala, tisa. Wanne wangebaki wanne. Alitamani kukataa, lakini mjumbe alipoondoka, mdogo wake aliyekuwa kwenye cherehani ya pili akamwambia bila kuinua macho, "Dada, ukikataa atashona mwingine, nasi tutaandikwa majina kama wapinzani. Shona. Huenda wakamhurumia shemeji."

Mnasemaje? Ni nani kati yetu angekataa?

Akashona. Kazi ilitoka safi kama siku zote. Kila pindo la mkono akalipitishia mshono wa pili wa uzi wa kijivu, alama yake ya miaka yote.

Siku ya hukumu alikaa nyuma kabisa. Wale sita wakaingia. Mmoja joho lake liliburuzika sakafuni, mwingine lilimwishia magotini, na watu wakacheka huku wameziba midomo. Hukumu iliposomwa hakuna aliyecheka. Tisa kwa wanne: kumfunga mtu bila shtaka ni halali.

Askari wakampitisha mumewe karibu naye. Hakulia, wala hakuwalaani majaji. Alimtazama mkewe, akauliza kwa upole, "Mama watoto, ule uzi wa kijivu ni wako?"



Ndugu zangu, mimi naliogopa swali lile kuliko ninavyowaogopa wenye bunduki. Twasema sisi si wakubwa, hatuteui majaji. Ni kweli. Lakini mtawala hajui kushona. Joho la dhuluma hupita kwanza mikononi mwa mnyonge mwenye hofu, anayejiambia kwamba asipofanya yeye atafanya mwingine, na kwamba akiinama vya kutosha, wapendwa wake watahurumiwa. Je, walihurumiwa?

Basi siku tutakapoletewa kazi na kuambiwa tusipime, tujiulize hapo hapo, kabla mkasi haujagusa kitambaa, ni nani atakayesimama mbele ya joho hilo. Huenda ni mtu tunayemwekea chakula kila siku, tukitumaini atarudi.