Kiti cha Kaizari Katika Mji wa Baishi

"Kiti kitupu hakina joto." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo Bwana Fu, yule anayedai kwamba shamba la yatima analitunza tu, na mmeona jinsi alivyoinamisha uso akaondoka bila kununua alichokijia. Mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa Baishi. Nitawaeleza kisa chake kama nilivyokipokea, bila kuongeza chumvi.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi mwandamo, katikati ya majira ya baridi, na theluji ilikuwa ikianguka tangu alfajiri. Nyakati hizo China ilikuwa imevunjika vipande. Wapanda farasi wa nyikani walikuwa wameuteka mji mkuu wa kaskazini, na Kaizari alikuwa akitawala kutoka ng'ambo ya Mto Yangzi, mbali kusini. Magavana walioachwa nyuma walijiamulia mambo yao. Wengine walijiita wafalme, wengine wakampigia magoti mvamizi. Gavana wetu, Qiao Wen, alikataa yote mawili. Aliweka ukumbini kiti cha Kaizari, juu ya jukwaa, kikielekea kusini, kwa kuwa desturi inataka mtawala aelekee kusini na mtumishi wake aelekee kaskazini. Yeye mwenyewe aliketi chini yake, mkekani. Kila mwezi ulipoandama alikisujudia kiti hicho na kukieleza habari za jimbo, kana kwamba Kaizari mwenyewe yupo.

Mabwana wa miji mitatu ya jirani walikuwa wakija kushuhudia. Kila mmoja wao alikuwa na jeshi, na kila mmoja angeweza kujitangaza mfalme. Hawakufanya hivyo kwa sababu walimwonea haya Qiao Wen. Walisema, "Ikiwa huyu anaketi mkekani, sisi ni nani?" Majumbani mwao nao wakaweka viti ambavyo havikukaliwa. Wakaapa pia kwamba wapanda farasi wakija Baishi watamsaidia gavana, kwa maana kumsaidia yeye ni kumsaidia Kaizari. Baishi haikuwa na askari wa kutosha kulinda hata upande mmoja wa mji. Kiapo kile ndicho kilichokuwa ukuta wetu.

Asubuhi hiyo mabwana hao walikuwa katika ukumbi wa nje wakiota moto, akaingia mzee mmoja aliyevaa matambara. Walinzi walimdhania ombaomba. Kumbe alikuwa Xun Ta, mjumbe wa Kaizari, ambaye baridi ya safari ilikuwa imemla vidole vya mguu. Alipotoa muhuri kifuani, wote walipiga magoti. Kisha wakamsindikiza ndani papo hapo, bila kumtanguliza mtu wa kupeleka habari. Furaha iliwasahaulisha taratibu. Walimkuta Qiao Wen amesimama kando ya jukwaa, na shemeji yake, Pei Lang, akimfunga mkanda.

Xun Ta alikuwa amebeba amri ya Kaizari ya kumfanya Qiao Wen mlinzi wa magharibi yote. Desturi ni kwamba amri huwekwa kwanza juu ya kiti, watu wakasujudu, ndipo isomwe. Mzee akapanda jukwaani, akaupangusa mto wa hariri kwa kiganja. Kiganja kikabaki pale pale.

"Gavana, nani hukaa hapa?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Ni kiti cha Kaizari. Tangu nikiweke hakijakaliwa."

"Kina joto."

Bwana Hou, mnene na mcheshi kuliko wenzake, aliangua kicheko. "Labda Kaizari ametutangulia!" Alicheka peke yake.

"Ni jua, Mheshimiwa," Pei Lang akasema haraka. "Kiti kinaelekea kusini, na wakati wa baridi jua huingia mpaka ndani."

"Jua?" Hou akageukia mlangoni. "Hebu tuonyeshe liko wapi, Bwana Pei. Ndevu zangu bado zina theluji."

Xun Ta hakumtazama Pei Lang. "Nakuuliza wewe, Gavana. Mimi ni mzee. Nikimkuta mzee mwenzangu amepumzisha magoti mahali penye mto laini, nitacheka naye. Hata Kaizari nikimsimulia atacheka. Sema tu."

Watumishi waliosimama ukutani walijua ukweli, na ni wao waliousimulia baadaye. Kila asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, gavana alikaa kwenye kiti kile, mikono juu ya magoti, akiutazama ukumbi mtupu. Hakutoa amri yoyote akiwa pale. Alikaa tu, kisha akashuka.

Qiao Wen aliwatazama mabwana watatu. Akainua mkono. "Naapa kwa makaburi ya baba zangu. Ni jua."

"Kiti kitupu hakina joto," mzee akasema, bila kupaza sauti. Akaiweka amri juu ya mto. "Sujudu upokee. Kaizari hana mwingine huku."

Qiao Wen alisujudu. Paji la uso wake lilibaki sakafuni muda mrefu kuliko desturi inavyotaka, na alipoinuka masikio yake yalikuwa mekundu. Alikuwa sasa mtawala halali wa magharibi yote, na hapakuwa na mtu ukumbini aliyemtazama usoni.

Mabwana waliondoka kabla ya chakula. Theluji haikuwa imeyeyuka bado Baishi ilipopata habari kwamba Hou ameketi katika kiti cha Kaizari kilichokuwa nyumbani kwake. Wenzake wawili walimfuata.

Majani yalipochipua, wapanda farasi waliuzingira mji. Qiao Wen aliomba muda, wakampa: shemeji yake aende kutafuta msaada, na akirudi mikono mitupu, lango lifunguliwe. Pei Lang alikwenda na muhuri wa Kaizari uliokuja pamoja na ile amri. Aliporudi, gavana alikuwa akimngoja langoni, karibu na komeo.

"Wanakuja?"

"Hawaji, shemeji."

"Uliwaonyesha muhuri?"

"Niliwaonyesha. Wote watatu waliusujudia."

"Sasa wamesemaje?"

Pei Lang alitazama chini. "Usiniulize."

"Nakuuliza."

"Kila mmoja alisema mjini kwake, na maneno yalikuwa yale yale."

"Yaseme."

"Kiti kitupu hakina joto."