Samaki Kutoka Banalia

Wengi hudhani kwamba damu peke yake humfanya mtu ndugu. Gertrude naye alidhani hivyo, mpaka mwaka wa 1956.

Alikuwa mshonaji mjini Kisangani. Tangu aolewe huko, kila mwezi alimpa dereva wa lori chumvi na sabuni za kupeleka kwao Banalia, na lori liliporudi lilimletea samaki wa moshi waliofungwa kwa majani. Akiwaonja tu, moyo wake ulitulia: mama aliyewakausha yu mzima. Mtu mmoja tu Gertrude hakumtumia hata salamu, naye ni Micheline, mke wa kaka yake Eugène. Micheline alitoka kabila la mbali, na siku ya posa Gertrude alitamka mbele ya wageni kwamba huyo hatakuwa mtu wa kwao kamwe.

Mwezi wa Agosti alipata nafasi, akapanda lori mwenyewe. Aliingia uani akicheka, akamkuta Micheline akigeuza samaki juu ya moto.

“Mama iko wapi?” aliuliza.

Micheline alimkodolea macho kama aliyeona mzuka. Kisha akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, penye kaburi lililokwisha kuota nyasi.

Gertrude alipiga magoti, akaanza kung'oa nyasi zile. Mama alikuwa amefariki mwezi wa Januari. Eugène alimtuma dereva siku ile ile, lakini yule bwana aliogopa kuwa mjumbe wa msiba, akafunga mdomo. Huku nyumbani walimngoja siku mbili, wakazika, wakaamini kwamba mtu wa mjini amewadharau.

Miezi saba! Mara saba alikula samaki wale akimshukuru marehemu.

“Nani alikuwa anatuma?” aliuliza.

“Ni mimi,” Micheline alijibu. “Mama alinifundisha kuwakausha. Aliniambia, njia ya mutoto wangu isiote majani.”

“Uliamini nimekataa kumzika, na bado ulituma?”

“Nilikasirika sana, yaya. Lakini nilituma.” Yaya, yaani dada mkubwa: ndivyo alivyomwita.

Gertrude alitaka kuomba radhi. Alivua viatu, akaketi kando ya Micheline, akamwita “mdogo wangu” kwa mara ya kwanza. Hawakulingana sura, kabila wala lugha ya mama zao. Kweli, undugu ni kufaana, si kufanana.